Vyuma au alaina? Anza na tatizo, kifaa kitafuata

Watu wengi huingia kwa daktari wa kupanga meno wakiwa wameshachagua kifaa. Mmoja anataka alaina, yale maganda membamba ya plastiki angavu aliyoyaona kwenye simu. Mwingine anataka vyuma, ila viwe vya rangi ya meno. Ni sawa na kumwendea seremala ukamchagulia msumeno kabla hujamwambia unataka kitanda au mlango. Daktari mwenye subira atakusikiliza, kisha atakuangalia ukiwa umefumba mdomo, ukiwa umeuma, ukiwa unacheka. Atapiga eksirei, atachukua chapa ya meno au kuyapitishia skana, na hapo ndipo habari ya kifaa itakapoanza.

Mimi nilivaa vyuma nikiwa mtu mzima, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshikilia kabisa kwamba haja yangu ni alaina. Kilichonigeuza ni swali moja nililoulizwa: kosa liko kwenye jino au kwenye mfupa? Na kama ni jino, linatakiwa lisogee vipi? Tangu siku hiyo kila mtu anayeniuliza "kipi bora" namrudishia swali hilohilo, jambo ambalo huwaudhi wengi.

Jino au mfupa

Mdomo uliokaa sawa una vipimo vyake. Meno ya mbele ya juu huyafunika ya chini kwa milimita 2 hadi 4 hivi, na huyatangulia kwa milimita 2 au 3. Huku nyuma, vilele vya magego ya juu hukaa kwenye mabonde ya magego ya chini. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aligawa kasoro za kuumana katika madaraja matatu kwa kutazama gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Katika daraja la kwanza magego yamekutana vizuri, ila meno mengine yamebanana, yamejizungusha au yameachana. Katika la pili, meno ya chini yako nyuma mno. Katika la tatu, ya chini yametangulia.

Madaraja hayo yanatumika hadi leo, na huenda ukayaona yameandikwa kwenye faili lako. Upungufu wake ni kwamba yanapima mbele na nyuma tu. Hayasemi kitu kuhusu upana wa taya wala urefu wa uso, wala hayakuambii kama jino ndilo lililolala au taya ndilo halikukua.

Wachukue watu wawili ambao meno yao ya juu yametokeza kwa milimita 8. Ukiwatazama kwa mbele wanafanana. Wa kwanza alinyonya kidole gumba mpaka akafika miaka 9, meno yakasukumwa nje, lakini mataya yake yamekaa sawa. Wa pili hakunyonya kitu. Meno yake yamesimama vizuri, ila taya lake la chini ni fupi. Wa kwanza anaweza kunyooshwa kwa vyuma au alaina. Wa pili, akiwa na miaka 12, bado ana mlango wa kutumia ukuaji wa mwili wake. Akifika miaka 30 anabaki na njia mbili: kulificha tatizo kwa kusogeza meno, au upasuaji wa taya. Kuwauliza hao wawili "vyuma au alaina?" ni kuwauliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Kasoro zenyewe, na kila moja inachodai

Kubanana ndiko kunakoleta watu wengi kliniki. Meno ni makubwa kuliko nafasi iliyopo, au jino la utoto lilitoka mapema na majirani wakaegemea uwazi wake, hivyo jino la kudumu lilipokuja likakuta kiti kimekaliwa. Wengi hulilaumu gego la mwisho kwa kusukuma meno ya mbele. Tafiti hazijaiunga mkono hoja hiyo: meno ya mbele ya chini huendelea kubanana kadiri umri unavyosonga, hata kwa watu ambao magego ya mwisho hayakuota kabisa. Kwa hiyo usikubali kung'olewa gego zima kwa sababu hiyo peke yake.

Kubanana kidogo au kwa kiasi ni uwanja ambao alaina na vyuma vinashindana karibu sawasawa. Kubanana sana, kwa kadiri kwamba chonge limepanda juu kabisa ya ufizi, kunaelekea upande wa vyuma.

Kuhusu nafasi kati ya meno, Kiswahili kimetutangulia. Tunatofautisha mwanya na pengo, na tofauti hiyo ndiyo daktari anayoitaka. Mwanya ni nafasi ya asili kati ya meno yaliyopo. Pengo ni mahali jino lilipotakiwa kuwapo na halipo. Mwanya wa mbele kwa mtoto wa miaka 8 mara nyingi ni hatua tu ya ukuaji, nao hupungua au kuziba chonge zinapoota, kwenye miaka 11 au 12. Mtoto wa hivyo anahitaji kuangaliwa, si kufungwa vyuma. Kwa mtu mzima aliyezaliwa nao, mwanya si ugonjwa. Akitaka kuuziba, alaina zinauziba vizuri, lakini ajue kwamba ni kasoro inayopenda kurudi kuliko karibu nyingine zote.

Mwanya mpya ni habari tofauti. Mtu wa miaka 45 anayeona meno yake ya mbele yanaachana wakati hayakuwa hivyo, huenda ugonjwa wa fizi unamla mfupa unaoshikilia meno. Hapo hakuna cha vyuma wala alaina mpaka fizi zitibiwe, kwa sababu kusukuma jino ndani ya mfupa unaoumwa ni kuliharakisha litoke. Na pengo? Hilo linaamuliwa na madaktari wawili wakikaa pamoja: wa kupanga meno aseme kama litafungwa kwa kusogeza majirani, na wa kutengeneza meno aseme kama liachwe wazi lipandikizwe jino.

Meno yaliyotokeza yana hatari isiyohusiana na urembo. Mtoto akianguka, hayo ndiyo yanayotangulia kugonga chini. Hii ndiyo sababu moja yenye ushahidi wa kuanza matibabu mapema: uchambuzi wa tafiti umeonyesha kwamba watoto waliorudishwa meno mapema walivunjika meno ya mbele kwa uchache kuliko waliosubiri ujana. Katika mambo mengine, kuanza mapema hakukuwapa matokeo bora mwishoni.

Meno ya juu kuyafunika ya chini kupita kiasi ni kasoro ambayo wenye nayo hawaioni, kwani kwenye picha tabasamu ni zuri. Taabu iko ndani: meno ya chini yanaweza kufika hadi kwenye kaakaa na kuichubua, au meno yakasagana mpaka yakawa mafupi. Hapa vyuma vina nguvu kuliko alaina.

Kinyume chake ni meno ya mbele yasiyokutana kabisa hata magego yakiwa yamefumba. Mtu wa namna hii hawezi kukata uzi kwa meno ya mbele. Kidole gumba, ulimi unaojisukuma kati ya meno, au uso uliokua kwa urefu mno, kimojawapo huwa ndicho chanzo. Alaina hufanya vizuri hapa katika kesi nyepesi. Lakini kifaa chochote utakachovaa, kama ulimi au kidole hakijaacha tabia yake, meno yatarudi yalikotoka, na hii ni karibu hakika.

Meno ya juu ya pembeni yakifunga ndani ya yale ya chini, mtazame mtoto anavyofumba mdomo. Kidevu kikikwepa upande mmoja, usingoje. Taya linalokwepa kila siku linaweza kukua limepinda. Na taya la chini likitangulia, swali kubwa ni umri, tutalifikia.

Imebaki chonge iliyokwama, ambayo haionekani kwa macho. Chonge za juu hukwama kwa takriban watu 2 katika kila 100. Mtoto akifika miaka 10 daktari anapaswa kuzipapasa juu ya ufizi, na zisiposikika apige eksirei, kwa maana chonge inayotangatanga inaweza kula mizizi ya meno ya jirani bila maumivu yoyote. Tiba yake ni upasuaji mdogo wa kuifunua, kuibandika kinyororo, na kuivuta polepole kwa vyuma.

Jino linavyosogea

Kila jino linaning'inia ndani ya mfupa kwa nyuzi laini, tabaka la unene wa milimita 0.2 hivi. Ukilisukuma taratibu, upande unaobanwa mfupa unaliwa na seli zake, na upande unaovutwa mfupa mpya unajengwa. Kasi ya kawaida ni karibu milimita 1 kwa mwezi. Huwezi kuiongeza kwa kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukikaza sana unaziba mishipa ya damu, seli zinakufa, na jino linasimama.

Kwa hiyo tangazo linaloahidi meno yaliyonyooka kwa miezi michache lina maana moja kati ya mbili: ama kesi ilikuwa ndogo, ama kichwa cha jino kimelazwa huku mzizi ukibaki palepale. Kulaza jino ni kazi rahisi, na karibu kila kifaa kinaiweza. Kulisogeza zima, mzizi na kichwa pamoja, ndiko kunakotenganisha vifaa.

Vyuma

Kila jino linabandikwa brakiti, kipande kidogo chenye mfereji, na waya unapita ndani ya mifereji hiyo. Waya za mwanzo siku hizi ni za aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani, inayokumbuka umbo lake: unaipinda kufuata meno yaliyopindana, nayo kwa miezi inarudi kwenye upinde wake ikiyavuta meno pamoja nayo. Aloi hiyo iligunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen akaileta kwenye meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. (Mwenye mzio wa nikeli aseme mapema.) Baadaye huwekwa waya wa chuma cha pua wenye pembe nne. Pembe hizo zinabana kwenye kuta za mfereji, na hapo ndipo daktari anapata mamlaka juu ya mzizi.

Hiyo ndiyo nguvu ya vyuma: vinaweza kusogeza jino zima, kulizungusha, kulishusha, kufunga nafasi ya jino lililong'olewa, na vinafanya hivyo saa 24 bila kukuomba ruhusa. Matibabu kamili huchukua wastani wa karibu miezi 20, na unarudi kukazwa kila wiki 4 hadi 8.

Ubaya wake unaujua aliyevivaa. Siku tatu za kwanza baada ya kukazwa unatafuna kama mzee. Waya unachoma shavu usiku wa manane, na kipande cha nta kinakuwa rafiki. Kikubwa zaidi ni ukoga unaojificha kuzunguka brakiti. Asiyepiga mswaki vizuri anavuliwa vyuma na kukuta meno yamenyooka yakiwa na madoa meupe ya mraba, alama ya enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, iliyoanza kuliwa. Madoa hayo hayafutiki kirahisi.

Ndani ya familia ya vyuma kuna ndugu watatu. Vya keramiki, vya rangi ya meno, hufanya kazi ileile kwa uwazi mdogo, ila huvunjika upesi, huleta msuguano zaidi kwenye waya, na raba zake ndogo zinazofunga waya kwenye brakiti hushika rangi. Tena keramiki ni ngumu kuliko enameli: ukiwa na tatizo la meno ya juu kufunika ya chini, brakiti za keramiki zikiwekwa chini zitayakwangua ya juu. Ndiyo maana madaktari wengine huweka keramiki juu na chuma chini. Vyuma vya kujifunga, vyenye kilango badala ya raba, huuzwa kwa ahadi kwamba vinamaliza haraka na haviumi. Tafiti zilizovilinganisha hazikuonyesha faida hiyo, kwa hiyo visiwe sababu ya kuchagua daktari. Na vipo vinavyobandikwa nyuma ya meno, upande wa ulimi. Hivyo havionekani kabisa na vina nguvu za vyuma, lakini ulimi unachubuka, matamshi yanayumba kwa wiki kadhaa, na si kila daktari ana ujuzi navyo. Kwa mtu anayeishi kwa sauti yake, mtangazaji kwa mfano, ningemwambia afikirie mara mbili.

Alaina

Kampuni ya Marekani iitwayo Align Technology ilianzishwa mwaka 1997, na alaina zake, Invisalign, zikaidhinishwa huko mwaka 1998. Leo watengenezaji ni wengi. Meno yanapitishwa skana, kompyuta inachora safari kutoka yalipo hadi yanapotakiwa, na safari inakatwa vipande vidogo vya robo milimita hivi. Kila kipande kina ganda lake. Unavaa moja kwa wiki moja au mbili, kisha linalofuata.

Watu hawaambiwi mapema kwamba plastiki peke yake haishiki vizuri, hivyo meno kadhaa hubandikwa vinundu vidogo vya rangi ya jino ili ganda lipate pa kushika. Mara nyingine unapewa na raba za kuvuta taya. "Isiyoonekana", kama alaina zinavyoitwa, ina mipaka yake basi. Na ile filamu ya kompyuta inayoonyesha meno yako yakijipanga ni nia ya daktari, si matokeo. Baada ya seti ya kwanza ni kawaida kupigwa skana tena na kutengenezewa seti ya nyongeza, kwa sababu meno hayakufuata mchoro. Uliza tangu mwanzo kama seti hiyo imo kwenye makubaliano.

Alaina ni hodari katika kulaza meno, kuziba mianya midogo, kupanua upinde wa meno kidogo, na kusahihisha kubanana kwa kiasi. Zinahangaika kuzungusha meno ya duara kama chonge na magego madogo, kulivuta jino litoke nje ya ufizi, na kufunga nafasi kubwa ya jino lililong'olewa mizizi ikabaki wima. Daktari mzoefu anaweza kuzilazimisha nyingi za kazi hizo, lakini neno ni "kuzilazimisha".

| | Vyuma | Alaina |
|---|---|---|
| Kuvaa | Saa zote, huna hiari | Saa 20 hadi 22 kwa siku, hiari yako |
| Kusafisha | Kazi ngumu, mswaki wa kati ya meno ni lazima | Rahisi, unavua |
| Maumivu ya siku za mwanzo | Zaidi | Pungufu |
| Kesi nzito | Ndiyo nyumbani kwake | Kwa mkono wa mzoefu tu |
| Ukizembea | Brakiti inabanduka, unapoteza wiki | Meno yanarudi, unaweza kuanza skana upya |

Mstari wa kwanza wa jedwali ndio unaoamua zaidi kuliko yote. Saa 22 maana yake ni kuvua wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Anayekula kidogokidogo mchana kutwa, anayeshinda na kikombe cha chai mkononi, mwenye kusahau miwani yake kila mahali, alaina zitamshinda hata kama tatizo lake ni jepesi. Mimi ni wa kundi hilo, ndiyo maana sikuzichagua. Mwenye nidhamu na tatizo jepesi, ambaye kazi yake haimruhusu kuonekana na vyuma, sioni kwa nini ahangaike na waya.

Kuhusu alaina za kuagiza kwa posta, zile ambazo unajichukulia chapa nyumbani na hakuna daktari anayekuangalia mdomoni: nasema hapana. Bila eksirei hakuna anayejua kama una chonge iliyokwama, mfupa ulioliwa au mzizi mfupi. Kampuni kubwa ya aina hiyo, SmileDirectClub ya Marekani, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya safari wakabaki bila msimamizi.

Kwa mtoto, kalenda ina nguvu kuliko kifaa

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe mara ya kwanza kabla ya kuvuka miaka 7. Kuangaliwa, si kufungwa vyuma. Wengi huambiwa warudi baadaye.

Kuna mambo machache yanayodai kuwahi. Taya la juu jembamba ni mojawapo: kaakaa lina mshono katikati ambao kwa mtoto haujafungamana. Kifaa chenye skrubu kinawekwa, mzazi anakizungusha kwa ufunguo robo milimita kila mara, na baada ya siku kadhaa mwanya unatokea kati ya meno mawili ya mbele. Wazazi hushtuka, kumbe ndiyo dalili kwamba mshono umefunguka. Kufikia mwisho wa ujana mshono umeshikana, na kazi ileile itadai skrubu za kwenye mfupa au upasuaji.

Taya la chini likitangulia kwa sababu la juu limebaki nyuma, barakoa ya kulivuta taya la juu mbele hufaa zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Taya la chini likiwa nyuma, vifaa vya kulisogeza mbele, kama ile jozi ya vitalu iliyobuniwa na William Clark wa Uskochi miaka ya 1970, hutumika vizuri wakati wa kurefuka kwa ghafla kwa balehe. Usitarajie taya jipya: sehemu kubwa ya mabadiliko ni meno kuegemea, mfupa unachangia kidogo. Na mtoto asipokivaa hakuna kinachotokea. Mzazi anayejua kwamba mwanawe hukificha kifaa mfukoni akifika shule amwambie daktari ukweli, vipo vinavyogundishwa.

Kung'oa au kutong'oa

Nafasi haitoki hewani. Daktari ana njia nne: kupanua upinde, kusogeza magego nyuma, kukwangua enameli kati ya meno (hadi nusu milimita kwa kila mahali meno yanapogusana), au kung'oa, kwa kawaida magego madogo mawili au manne. Ugomvi huu ni wa zamani. Angle alipinga kung'oa kwa nguvu zote. Mwanafunzi wake Charles Tweed, baada ya kuona meno ya wagonjwa wake yakirudi kubanana, aliwarudia na kuwang'oa, na akabadilisha mkondo wa fani nzima.

Mimi simwamini daktari anayesema "mimi sing'oi kamwe", wala yule anayeng'oa kila mtu. Midomo iliyochomoza na meno yaliyobanana sana hufaidika kwa kung'oa. Uso uliobapa na midomo myembamba unaweza kuharibika. Mwombe akuonyeshe kwenye eksirei yako mwenyewe milimita zinazopungua ni ngapi na kila njia itatoa ngapi. Na ikiamuliwa kung'oa, mizani ya vyuma na alaina inaelemea vyuma.

Mtu mzima mwenye tatizo la taya

Umri hauzuii meno kusogea, ilimradi fizi na mfupa ni vizima. Anayetumia dawa za mifupa za kundi la bisifosfoneti lazima aseme, kwa kuwa zinapunguza kasi ya mfupa kujijenga upya.

Ila taya halikui tena. Kulificha tatizo maana yake ni kuyaegemeza meno mpaka yakutane, huku kidevu kikibaki kilivyo. Hiyo inatosha kama tofauti ni ndogo na uso wako haukukeri. Upasuaji unakata na kuhamisha taya lenyewe, baada ya ukuaji kukoma. Unahitaji vyuma kabla na baada, na vile vya kabla huzidisha ubaya kwa muda, kwa sababu meno yananyooshwa juu ya taya lake halisi. Hatari inayotajwa sana, taya la chini likikatwa, ni ganzi ya mdomo wa chini, ambayo kwa wengine haiishi yote. Uamuzi huu usifanywe kwa miadi moja. Na usianze kuficha huku ukiwaza kwamba upasuaji utafuata baadaye, maana njia hizo mbili huyaelekeza meno pande tofauti.

Njia za mkato nitazipita haraka. Vibandiko vya porseleni hubadilisha sura ya jino, si mahali pake, na mara nyingi hudai enameli ikwanguliwe, nayo haioti tena. Raba ya kawaida kuzungushiwa meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya, kama inavyoonyeshwa kwenye video, ni hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa: mzizi ni mwembamba kadiri unavyoshuka, raba inateleza chini ya ufizi, inapotea, na inakata nyuzi na mfupa hadi meno yote mawili yanalegea. Watu wamepoteza meno mazima kwa njia hiyo.

Ritena, ambayo hakuna anayeiulizia

Siku ya kuvuliwa vyuma meno yako hayajatulia. Nyuzi za ufizi zinakumbuka yalikotoka, na uzee wenyewe unayasogeza. Ritena, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi, huvaliwa muda mwingi miezi ya mwanzo, kisha usiku tu, kwa miaka yote unayotaka meno yabaki yalivyo.

Ipo ya waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele. Huna haja ya kuikumbuka, lakini hukusanya ukoga, na gundi ikiachia kwenye jino moja unaweza usijue mpaka jino limeshageuka. Ipo ya plastiki angavu, nadhifu, inayochakaa na kupasuka, hasa kwa wanaosaga meno usingizini. Na ipo ile kongwe ya waya na akriliki iliyobuniwa na Charles Hawley mwaka 1919: inaonekana, inasumbua matamshi, ila inadumu na inarekebishika. Aliyekuwa na mwanya au meno yaliyojizungusha sana ningemshauri ile ya kugundishwa, na juu yake ya plastiki usiku. Wengine, ile watakayokubali kuivaa.

Ikipotea, piga simu siku hiyohiyo, usingoje miadi ijayo. Ukiivaa baada ya wiki kadhaa ikabana kidogo, meno yameanza kuondoka. Isipoingia kabisa, usiilazimishe. Na ya plastiki ioshwe kwa maji baridi. Yangu ya kwanza niliitia kwenye maji ya moto nikidhani naisafisha vizuri, ikajikunja palepale, na daktari akanitengenezea nyingine akinitazama bila kusema neno.